Vitamini Ulizoniletea, Mama

Mama yangu,

Nilipokuwa msichana wa umri wa kuvunja ungo ulinishika mkono hospitalini ukaniambia, “Humura mwanangu, usiogope, ni ngiri tu, wataitoa.” Nilikuamini. Baada ya hapo ukawa unaniletea vidonge kwenye kikopo kisicho na jina. Vitamini, ulisema. Hata nilipoolewa Busanza uliendelea kuja navyo, tunakunywa chai, unanisuka nywele. Hedhi haikuja kamwe. Ukasema upasuaji umeichelewesha, tuombe. Tukaomba.

Tulipokuzika, vidonge viliisha. Nikaanza kuwaka joto na kulowa jasho ofisini Kacyiru, wenzangu wamevaa sweta. Kisha niliteleza bafuni, mkono ukavunjika. Daktari alinipima, akaniuliza maswali mengi, akanieleza polepole.

“Homoni husafiri na damu mwili mzima, lakini hufanya kazi kwenye seli zenye kipokezi chake tu. Mwili wako ulitengeneza homoni ya kiume. Kipokezi chake kwenye seli zako hakifanyi kazi, kwa hiyo hazikuipokea, ukakua mwanamke. Ulizaliwa bila kizazi. Walichotoa ni tezi zilizotengeneza homoni hiyo. Vile vidonge ni homoni ya kike; hiyo seli zako zinaipokea, na mifupa inaihitaji.”

“Mama alijua?”

“Aliyekuletea vidonge alijua.”

Nikakumbuka mama mkwe aliposema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameoa mwanamke mkavu, asiyezaa. Ulikuwa umekaa karibu yangu, Mama. Ukainamia sahani yako. Ukasema, “Mungu ana wakati wake.” Wakati gani, nawe ulijua?

Nilimwambia mume wangu, Bosco. Akauliza, “Siku ya harusi yetu alijua?” Nikasema ndiyo. Akaenda kwa kaka yake, huko Gatsata. Jumapili akarudi, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. “Tumedanganywa wote wawili,” alisema. “Mama yangu nitamwambia mwenyewe.” Alimwambia. Bado tunaishi pamoja.

Dawa nimezirudia. Kaburini kwako bado sijarudi. Najua uliogopa watu wasije wakaniita jina baya. Lakini hofu ilikuwa yako, na aibu nikaibeba mimi, miaka yote, huku ukiniangalia.

Ungeniambia tu. Ningelia siku hiyo, na kesho yake ningeamka bado mwanao. Pumzika, Mama. Kukusamehe sijaweza.

Binti yako