Kadi Niliyoisahau Kotini

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye mji huu bila yeye ungekuwa unakula nyama iliyooza. Sijisifu. Kila friji inayonguruma, kuanzia hospitali kubwa mpaka machinjioni, imepita mikononi mwangu, na juzi meneja wa kiwanda cha maziwa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. U hali gani? Kazi inaendaje? Mkazamjomba wako anakusalimu, mafua yamemwachia. Mimi nami ni mzima, ingawa hapo kwenye uzima ndipo penye maneno.

Mama yako ameniambia wakwe wamesogeza mbele harusi bila kutoa sababu, na kwamba huli, na mchumba wako ukimpigia simu analia tu. Mpwa wangu, sababu naijua. Vumilia nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana barua.

Miezi mitatu iliyopita niliugua matumbwitumbwi, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba mashavu. Wateja niliwaambia ni jino. Mkazamjomba wako akasema sasa kichwa kimelingana na maneno yangu. Mashavu yakapoa, lakini baada ya siku chache homa ikarudi na uvimbe ukashuka chini, kulekule unakokudhania, upande wa kulia. Nikawa natembea kama bata. Mimi fundi wa baridi nikajitibu kwa barafu ya karakana siku nne, nyumbani nikisema nimejigonga kwenye kompresa ya friji.

Uvimbe ulipopungua, mambo ya chumbani yakazima. Si kufifia, kuzima kabisa. Mkazamjomba wako hakunisema, aliniambia tu nipumzike, na huruma ile ikaniuma zaidi. Nikaanza kutafuta ugomvi wa chumvi kwenye mboga ili tulale tumenuniana.

Mwishowe nikaenda zahanati. Daktari, binti mdogo kuliko wewe, akaniambia kirusi cha matumbwitumbwi kikimpata mtu mzima huweza kushuka kwenye korodani. Mwili ukipambana nacho, pale panawaka moto na kuvimba, na homoni za kiume zinaweza kupungua kwa muda. Ukichanganya na homa na wasiwasi, mwanaume anazimika. Alisema wengi hupona, na upande mmoja ukiumia mara nyingi uzazi haupotei. Akanigombeza kwa kuchelewa, na ule unga wa kuongeza nguvu niliouziwa sokoni akautupa mbele yangu. Nimesharudi mara mbili, nafuu ipo.

Sasa aibu yenyewe. Pale mapokezi majina huitwa kwa sauti, na benchi lilijaa wateja wangu, akiwemo mwalimu niliyewahi kumwambia nabeba friji peke yangu. Karani aliponiuliza jina, nikataja lako. Umri, ishirini na tisa. Akakitazama kipara changu, akaandika. Jina lilipoitwa nikawaambia wenzangu wa kwenye benchi kwamba nimekuja kukuchukulia dawa.

Kadi ile yenye jina lako, na chini yake korodani na upungufu wa nguvu za kiume, niliitia mfukoni mwa koti la harusi yako, nililolivaa siku hiyo nionekane mtu. Koti nikalipeleka kupunguzwa kwa fundi cherehani hodari kuliko wote, mama mkwe wako. Aliponirudishia, kadi ilikuwa imekunjwa vizuri mfukoni, naye akaniambia kwa sauti ya chini, pole na mgonjwa wenu. Wiki iliyofuata harusi ikasogezwa. Nimejua wiki tatu nzima, nikanyamaza.

Usidhani sikujaribu. Nimekwenda mlangoni kwake mara tatu nikaseme ukweli. Mara ya kwanza nikaishia kumwachia suruali, ya pili shati, ya tatu pazia ambalo hata halikuchanika.

Jana nilimweleza mkazamjomba wako yote. Alicheka, kisha akalia, kisha akaniletea kalamu. Njoo Jumamosi twende kwa mama mkwe wako. Mbele yako na mchumba wako nitasema mgonjwa ni mimi, na kadi nitaishika mkononi. Msalimie mama yako, mwambie matusi yangu ayaweke mpaka tuonane. Nawe unisamehe ukiweza.

Ila tukifika usinisukume mbele ukabaki nje. Ingia nami, mpwa wangu. Yule mama namwogopa.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi Baridi