Masista wa Asubuhi

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko? Mimi nipo, ila magoti yamenigomea. Msimu wa mchango wa mwaka wa kanisa umefika tena, na ni mimi ninayezunguka nyumba za jumuiya yetu. Watu wamechoka, mwanangu. Jana fundi viatu aliniona kwa mbali akajifanya amelala, nyundo mkononi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye benchi lake, kisha kuinuka nikashindwa. Ikabidi aamke mwenyewe aniinue. Kwa aibu, akatoa.

Mchango huu ndio unaowaendesha masista wanaohudumia wagonjwa majumbani. Ukijaliwa chochote, tuma.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Milele, amina. Na shikamoo. Pole na magoti. Mimi mzima wa kujikongoja. Ghalani tunabeba maboksi kutwa, nikirudi chumbani hata kuvua viatu ni kazi.

Nisamehe, nitasema wazi. Nimechoka na michango. Nilipokuwa huko ilikuwa bahasha, na huku bahasha zimenifuata. Kanisa la mtaa huu limetundika bango kubwa la kampeni kama hiyo yenu. Nikilifikia, navuka barabara. Pumzika, Mama. Mwachie mwingine. Hao masista wamekufanyia nini hasa?

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo. Swali lako limeninyima raha.

Jumapili paroko aliniita mbele niwahimize watu. Maneno niliyoyakariri yakaniruka yote, nikasema yaliyokuja. Sasa nakuambia na wewe, usije ukayasikia kwa watu.

Baba yako alipokuwa akikuambia kwenye simu kwamba anaendelea vizuri, hakuweza hata kujigeuza kitandani. Mimi nguvu za kumwinua sikuwa nazo. Masista wawili walikuwa wakija kila asubuhi kumwogesha na kubadilisha shuka. Siku ya kwanza aligeuzia uso ukutani kwa haya. Yule mfupi akamwambia, "Mzee, nimekua na kaka saba, huna jipya la kunionyesha." Akacheka, yeye ambaye hata uji alikuwa ameukataa.

Ni baba yako aliyenikataza kukuambia. "Ukimwambia ataacha kazi," alisema, "na mimi sitapona kwa kutazamwa." Nikanyamaza. Mpaka tukamzika, nikanyamaza.

Sijui kama watu walitoa zaidi. Nilirudi nyumbani nikajitupa kitandani na kanga zangu za kanisani.

Mama yako

9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Najua umepiga simu sana. Niliziona, nikaziacha ziite. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia marehemu, kisha nikabaki sina wa kumkasirikia ila mimi.

Mwezi uliopita niliingia kwenye lile kanisa nililokuwa nikilikwepa. Nikamwambia katibu, "Mfukoni sina kitu. Nina mikono." Akanitazama mabega, akasema, "Njoo Jumamosi."

Wamenipa mzee mmoja mgonjwa wa kumhudumia nyumbani kwake, aliyekuwa dereva wa lori. Mrefu, hawezi kusimama mwenyewe, na ulimi kama wembe. Leo nimemwogesha kwa mara ya kwanza peke yangu. Alinitukana tangu kuvua shati. Nami nilikuwa hoi, nusura niache beseni niende zangu. Nilipofika mgongoni matusi yakakoma. Akasema tu, "Hapo. Hapo hapo." Mgongo wa mtu mzima, Mama, mifupa mitupu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Sikumwogesha baba yangu hata siku moja. Na sasa kiuno kinaniuma, sijui kama Jumamosi ijayo nitaweza.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaikunjua tena. Mchango nimemwachia mke wa fundi viatu. Nimechoka kweli.

Sasa sikiliza. Usimwinue kwa kiuno. Kunja magoti, mwambie akukumbatie shingoni, ndipo usimame naye polepole. Kabla hujamgusa, mwambie unataka kufanya nini. Mtu mzima hapendi kushtukizwa. Maji yaanzie miguuni, ayazoee.

Ukishamvika shati, usikimbilie mlango. Kaa naye kidogo, hata kama hamna la kuongea. Baba yako alikuwa akiwaomba wale masista wakae.

Mama yako