Cheti cha Mama Kadzo

Jumanne, Gongoni

"Kazi yako ni kuuza, si kutibu." Ati daktari ananiambia hivyo kwenye simu, mimi niliyesomea dawa miaka mitano!

Mama Kadzo alileta cheti chake cha dawa dukani kwangu, akaninong'oneza kuwa ana mimba changa. Yeye hakumweleza daktari, maana kwetu mimba changa haitajwi mbele ya mwanamume. Na dawa aliyoandikiwa yaweza kuiharibu.

Daktari akakataa kuibadilisha mpaka mama arudi apange foleni upya. Mimi siruhusiwi kuandika nyingine. Nikamsihi arudi.

Hakurudi. Jioni nimemkuta sokoni na dawa ileile, kauziwa kwenye duka la jirani. Nikamwambia asiimeze, itamdhuru mtoto. Akanitazama kwa huruma.

"Kwani dada, wewe ni daktari?"