Tairi Lililochanwa Ubavuni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Kikohozi kimepungua, ila kila akiamka anakuulizia. Mimi ningali na kazi yangu ya kuziba matairi, mikono haitakati.

Juzi mumeo aliniletea gurudumu la gari lako. "Shemeji, barabara hizi zitatumaliza. Msumari tena." Nikacheka naye. Alipoondoka nikalichunguza: tairi limechanwa ubavuni. Msumari wa barabarani huingia kwa chini, hauchani ubavu. Hicho ni kisu, na hili ni la tatu tangu umwambie unataka kurudi kwetu.

Mfuko huu anaokuletea muuguzi mwenzako una jeki, spana ya magurudumu, pampu ya mguu na vipande vya kuzibia pancha. Tairi la akiba nimemwachia mlinzi wa geti la hospitali yenu, maana ubavu ukichanwa hauzibiki. Usipeleke chochote nyumbani kwa mumeo. Ukimaliza zamu, mchukue mtoto shuleni uje kwangu moja kwa moja; nguo ziache. Pancha ikikupata njiani, legeza nati kabla ya kupandisha jeki. Nati zikikataa, kanyaga spana kwa mguu.

Mwaka jana ulikuja kwangu jino limeng'oka. Nikakwambia ndoa ni kuvumilia, nikakurudisha mwenyewe hadi mlangoni kwake. Mama nilimwambia uliteleza bafuni.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Wewe njoo tu. Hata matairi yote yakiisha upepo, endesha hivyo hivyo, ufike na rimu tupu.

Dada yako