Mzungu Mpya wa Ruiru

Wanjiru, wajina wangu,

Huku Kiganjo tunaamka salama, ingawa ng'ombe wa mjomba wako alikufa. Unauliza kama huko ng'ambo kiwandani wanakudharau kwa ngozi yako ama kwa umaskini. Mimi hayo mawili nilishindwa kuyatenganisha.

Nikiwa msichana nilichuma kahawa Ruiru. Mzungu aliuza shamba, likanunuliwa na Mkikuyu mwenzetu. Tuliimba kanisani. Jumatatu kahawa ikapimwa kwa debe lile lile, nyapara akatutukana vile vile, na bomba la maji la nyumba kubwa tukakatazwa kama zamani. Siku moja mama yangu alimwona huyo tajiri akipita, ulimi ukamteleza, akamsalimu: "Habari, Mzungu."

Tulingoja amfukuze kazi.

Akaitika bila kugeuka: "Mzuri. Endelea na kazi."

Nyanya yako, Cucu