Yule Mzee wa Kwenye Mchezo Wako

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma ya studio,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo baba? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie unakula nini. Kile kikohozi cha kwenye simu kimeisha au unanificha? Sisi hapa wazima, ila goti langu, nalo tumeshazoeana.

Ningekupigia, lakini kila nikimtaja marehemu baba yako mtandao wako unakuwa mbaya. Barua haina mtandao. Isome mpaka mwisho.

Studio ya picha ya baba yako bado imefungwa. Pazia jeusi la chumba cha giza limetafunwa na panya. Dada yako anataka tupangishe watu wa saluni, nimemwambia asubiri kwanza.

Sasa huo mchezo wako wa kompyuta uliotengeneza huko. Yule binti fundi simu wa mtaa wa nyuma, tunayemwita Chaji, aliupata, akaniita mchana nikaone kazi ya mwanangu. Nilivaa vizuri kama niliyealikwa. Akanieleza kwamba uko ndani ya nyumba yenye mizimu, huna panga wala bunduki, una kamera tu. Mzimu akikujia unampiga picha. Ukimpiga akiwa karibu kabisa, anatoweka. Ukichelewa, anakuua. Nikajiuliza huyu mtoto wangu analala kweli huko?

Halafu nikaiona nyumba. Korido yetu. Taa nyekundu. Beseni letu la kusafishia picha, na ufa wake. Mwisho wa korido mtu kasimama, bega la kushoto limeshuka kwa kuzoea mkanda wa kamera, anafuta vidole kwenye shati. Nilimjua kabla hajageuka.

Chaji akanipa kile kidude cha vitufe. Sikubonyeza. Nikamwacha anijie, akaniua. Tukaanza upya, akaniua tena. Chaji alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mama, piga picha bwana, utakufa mpaka jioni." Aliponitazama usoni akanivutia kiti.

Lakini unajua baba yako alivyokuwa. Kapiga picha mtaa mzima, yeye mwenyewe hakukubali kukaa mbele ya kamera. Tunayo ile ya kitambulisho tu, nayo uso umefutika. Basi mara ya mwisho nikangoja anifikie puani, nikabonyeza. Akatoweka. Chaji akanitolea ile picha kwenye karatasi.

Ninayo hapa mezani. Bega ni lake, vidole ni vyake, hata kifungo kilichokatika umekikumbuka. Macho siyo. Nimeyatazama sana, mwanangu. Hayo macho ya hasira ni yako wewe, ya asubuhi ile ulipobeba begi.

Na yale maneno uliyomtia mdomoni, "Ukitoka usirudi", aliyasema, sikatai, nilikuwepo. Ila wewe ulishafika barabarani, hukuona yaliyofuata. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chakula hakugusa. Nilipokwenda kufunga komeo la mlango wa mbele akanishika mkono. Akasema, "Acha wazi. Yule hana subira ya kubisha hodi."

Nikadhani ni siku hiyo tu. Mpaka anakufa hakuna aliyeruhusiwa kuligusa komeo lile. Nilimgombeza kwamba wezi watatumaliza, akasema wachukue kamera zote.

Kumbe miaka yote hii unatembea naye kakukasirikia, ukamjengea na nyumba ya kukukasirikia humo.

Sikwambii uache kazi. Chaji anasema watu wanaupenda, wanaogopa vizuri. Lakini wageni wanamtowesha baba yako kila siku, naye anawajia amekunja uso. Kama bado unaweza kumgusa, mrekebishe macho. Kama umeyasahau, njoo nikuelezee.

Dada yako anakusalimu, bado kakununia kidogo. Shangazi yako anauliza kama huko una blanketi. Chaji anasema mzimu wa ghorofani umemshinda, umpunguzie.

Mungu akufunike, akupe usingizi usio na korido.

Mimi mama yako, nikupendaye mzima mzima.

Nimesahau: juzi dada yako aliniogopesha na habari za vibaka, nikajaribu kulifunga komeo. Limeshika kutu likiwa wazi. Haliendi tena.