Zamu yangu ya likelemba

Mji wa Baraka, siku ya posho (Jumamosi), 1999

Basi zamu yangu imefika, na bamama wako wapi? Kila posho, ni kusema kila juma, bamama ba likelemba tulikuwa tunachangia mama mumoja kwa zamu pesa ya nyumba. Benye balitangulia kula zamu yabo, bote bamekimbia vita, bako Kigoma, ngambo ya ziwa.

Amebakia Mama Furaha tu. Leo ameniletea mchango wake, akafungua fundo ya kitenge polepole.

«Posho yenye inakuja iko zamu yangu. Utakuwa hapa?»

Nikamujibu: ndiyo, mama.

Mi nilishapanga: masomo ya batoto, chumvi, dawa. Lakini bwana yangu ameshapeleka ile pesa yote kwa mwenye mutumbwi. Kesho tunavuka ziwa, kama tutafika…

Siku zote nilikuwa nabalaani bale benye balikula bakakimbia. Leo na mi nimekula.